Kriminolojia (elimu ya uhalifu) na saikolojia bila vyeti, inawezekana?

Wadau naombeni msaada, niliacha shule mapema, vyeti sina, ila nataka digrii ya kriminolojia na saikolojia, sasa kila fomu nikifungua inadai matokeo, ndo basi tena au kuna njia nyingine?

Jibu: Ipo mkuu. Open University ya Uingereza digrii zake nyingi hazidai cheti chochote, na hayo masomo mawili wanayo kwa digrii moja. Digrii nzima ni krediti 360 (krediti ni kipimo cha kiasi cha masomo), ukisoma 60 kwa mwaka huku unapiga kazi ni miaka 6, jipange.

Jibu: Au kama unataka kukaa darasani, hukohuko Uingereza kuna Access to Higher Education Diploma, kozi ya kukuandaa kuingia chuo kikuu, imewekwa kwa ajili ya watu wazima walioacha shule. Ila soma masharti ya chuo kwanza, vingi bado vinataka hesabu na Kiingereza cha GCSE, yaani mitihani ya sekondari ya kule.

Jibu: Kama lengo ni kuwa mwanasaikolojia kabisa, angalia digrii imetambuliwa na British Psychological Society (chama cha wanasaikolojia wa Uingereza), maana digrii za kuchanganya masomo mawili si zote zinatambuliwa. Na humo ndani somo la takwimu lipo la kutosha, watu wanakuja wakidhani ni stori za wauaji tu wanakutana na SPSS, programu ya kuchambua takwimu 😅

Muuliza: Hesabu tena jamani! Haya, naanza kuicheki hiyo Open.