Tovuti za matawi chini ya WordPress moja: sabudomeini au folda?

wavuti_mbale
Salaam ndugu zangu. Ushirika wa kahawa hapa Mbale una tovuti ya WordPress yenye miaka mitatu. Matawi ya Sironko, Bududa, Manafwa na Kapchorwa yanataka kila moja iwe na tovuti yake ndani ya hiyohiyo: bei za wiki, ratiba za mikutano, picha. Nimewasha Multisite (WordPress moja kubeba tovuti nyingi), lakini ukurasa wa kuanzisha mtandao unanipa sabudomeini tu (sironko.mfano.ug). Folda (mfano.ug/sironko) haionekani kabisa. Shida iko wapi, na ipi inatufaa? DNS (orodha inayoelekeza majina ya domeini kwenye seva) iko kwa aliyetuuzia domeini, na kila badiliko tunaliomba kwa barua pepe.

fundi256
Hujakosea popote. WordPress ikikuta chapisho lililotoka zaidi ya mwezi mmoja uliopita, inaficha chaguo la folda, kwa hofu ya anwani kugongana. Kama tayari una ukurasa mfano.ug/sironko, kisha ukaunda tovuti ya tawi kwa jina hilohilo, ukurasa ule hautafunguka tena.

Chukua nakala ya faili na ya hifadhidata. Zima plagini (programu za nyongeza) zote. Kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, juu ya mstari unaokwambia uache kuhariri, weka:

define( 'WP_ALLOW_MULTISITE', true );
define( 'ALLOW_SUBDIRECTORY_INSTALL', true );

Rudi kwenye ukurasa ule, folda itakuwepo. Ila kabla ya kuendelea, pitia kurasa zote, na wowote wenye jina la tawi uubadilishie anwani. Majina kama blog, feed, files na page yamekatazwa kwa tovuti za folda.

Tena, andika pembeni muundo wa viungo ulio nao sasa. Ukichagua folda, machapisho ya tovuti kuu yanawekewa /blog mbele, na viungo vyote vilivyokwisha kusambazwa WhatsApp vinavunjika. Ingia usimamizi wa mtandao, hariri tovuti kuu, fungua mipangilio yake, tafuta Permalink Structure na urudishe muundo wa zamani bila /blog.

Kwa hali yenu, folda.

seva_jinja
Naunga mkono, na sababu kubwa ni hiyo DNS ya barua pepe. Rekodi ya A yenye nyota (*), inayoelekeza sabudomeini za matawi yote kwenye seva yenu, mngeiomba mara moja tu, ikamalizika. Mzigo uko kwenye cheti cha usalama (cha https). Cheti cha nyota (kimoja kwa matawi yote) cha Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, kinadumu siku 90, na kila kukihuisha kunadai rekodi mpya ya TXT (ya maandishi) ndani ya DNS, kwenye jina _acme-challenge. Pasipo njia ya kuiweka kiotomatiki, siku barua pepe ikichelewa kujibiwa matawi yote yanatoa onyo la usalama kwa pamoja. Na cheti cha *.mfano.ug peke yake hakifuniki mfano.ug, wala bei.sironko.mfano.ug.

Mkilazimika kutumia sabudomeini, kwa matawi manne nyota haihitajiki. Orodhesheni majina matano ndani ya cheti kimoja. Kinabeba hadi 100, na uhakiki unafanyika kwa HTTP bila kugusa DNS.

linda_mlango
Ndugu zangu, usalama mmeupita haraka. Kwenye folda, kivinjari kinaona tovuti zote kama mahali pamoja. Hati ya JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari) ikipenyezwa kwenye tovuti ya Bududa inaweza kufikia hata kurasa za usimamizi wa tovuti kuu alizofungua mtu. Sabudomeini zinatenganisha hilo. Swali ni nani atahariri: ofisi moja, au watu wa kila tawi?

wavuti_mbale
Kila tawi lina katibu wake. Na je, tawi likitaka domeini yake baadaye?

fundi256
Makatibu wape cheo cha mhariri. Ndani ya Multisite hata msimamizi wa tawi hawezi kuweka plagini wala kuandika JavaScript kwenye chapisho. Hayo ni ya msimamizi mkuu peke yake. Hatari inayobaki ni plagini mbovu, na hiyo ingeathiri matawi yote hata kwenye sabudomeini, kwa kuwa faili ni zilezile.

Domeini ya tawi si kikwazo. Tangu toleo la 4.5 la mwaka 2016 unabadilisha anwani ya tovuti kwenye usimamizi wa mtandao tu, bila plagini. Domeini ielekezwe kwenye seva yenu na iwe na cheti kabla hujabonyeza kuhifadhi. Viungo vilivyoandikwa ndani ya machapisho havibadiliki vyenyewe, basi endesha amri ya WP-CLI, wp search-replace, yenye --url ya tawi, kwanza ukiiongezea --dry-run (jaribio lisilobadilisha kitu) uone itagusa safu ngapi.

Kuhamisha mtandao mzima kutoka folda kwenda sabudomeini ndiyo kazi ngumu: mtabadilisha SUBDOMAIN_INSTALL kwenye wp-config.php, faili la .htaccess, jedwali la wp_blogs kwenye hifadhidata, na anwani za siteurl na home za kila tawi. Chagueni sasa, matawi yakiwa bado matupu.