MJADALA: Kumpeleka mzee nyumba ya wazee ni kumtupa? Mi nauliza kwanza, nani amempima?

Mwanzisha mada, Bombo
Wadau habari za jioni. Kwenye grupu yetu ya ukoo kumewaka moto. Binamu yetu aliye kyeyo, yaani kazi za nje, huko Dubai kasema atamlipia babu nafasi kwenye nyumba moja binafsi ya kutunza wazee nje kidogo ya Kampala, basi wakubwa wakaruka juu, ati hiyo ni mila ya wazungu, ati sisi hatutupi wazee. Wengine wakasema bora aende huko kuliko kushinda na msichana wa kazi ambaye mwenyewe bado anahitaji kulelewa. Naona pande zote zinapigania nyumba, mzee mwenyewe hakuna anayemuongelea.

Tulienda kuiangalia. Pazuri bana, tailizi, tivii kubwa, bustani. Meneja akauliza dini ya mzee, anakula nini, nani atalipa, ni mobail mani au benki. Hakuuliza kama anajiendea chooni mwenyewe. Hakuuliza kama ameanguka karibuni. Dawa za presha na sukari akasema "mleteni nazo tu", hakutaka hata kujua ni ngapi na zinamezwa saa ngapi, na mzee wetu ana mfuko mzima wa dawa kutoka kliniki tofauti tofauti.

Kuna mambo sita ambayo dokta Sidney Katz wa Marekani na wenzake waliyachapisha 1963: kuoga, kuvaa, kwenda choo, kutoka kitandani mpaka kitini, kuzuia haja, na kula mwenyewe. Kwa kila moja unaandika anaweza peke yake au anahitaji mtu. Hakuna mashine hapo, ni macho na daftari. Msimamo wangu: nyumba isiyompima mzee akiingia, halafu ikampima tena kila baada ya muda, hiyo ni bweni, msiite matunzo. Na kwetu nyumbani vilevile, tusijidai.

Hajati wa Kisenyi
Mwanangu, mzazi aliyekuzaa unampima kama gunia la kahawa? Mi namlea mama yangu, nalala naye chumba kimoja, akigeuka tu mi nimeamka. Sihitaji daftari. Hizo nyumba ni biashara, mtu akishalipiwa kutoka nje watoto wanasahau kuja. Na serikali inatoa ile SAGE, pesa ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipofika nchi nzima wakasema wa miaka 80 kwenda juu, sasa wangapi wanafika huko? Na ukifika, kitambulisho kina mwaka wa kuzaliwa wa uongo, huyo hapati kitu. Hiyo ndo iongelewe.

Nesi, Mukono
Hajati heshima yako, na mama ana bahati. Lakini kulala naye chumba kimoja hakukuonyeshi kisigino. Nimeingia nyumba nyingi za watu wanaopenda wazazi wao kabisa, shuka safi, uji upo, ukifunua blanketi unakuta kisigino kimekuwa cheusi na mgongoni chini kuna kidonda cha kulalia unaona nyama, wao wanasema "ni joto tu". Mtu asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia, na ngozi inaangaliwa kila siku kwenye visigino, nyonga na makalio. Hiyo haitoki kwenye mapenzi, inafundishwa.

Jambo lingine ni kuchanganyikiwa. Nilimuona mzee, Jumapili anaongea vizuri na wajukuu, Jumatano anawatukana watoto wake na kuita watu waliokufa zamani. Familia ikasema ni uzee, wakaita mchungaji. Ilikuwa maambukizi ya mkojo na hakuwa anakunywa maji, akatibiwa akili ikarudi. Usahaulifu wa uzeeni unakuja polepole, miezi na miaka. Ukija kwa siku mbili tatu tafuta ugonjwa: malaria, mkojo, mapafu, dawa mpya. Sasa kama hakuna mtu aliyeandika mzee alikuwaje mwezi uliopita, utajuaje kwamba amebadilika? Hapo ndo daftari la mwanzisha mada lina maana.

Na kama mnataka kujua kama ataanguka, mwambieni ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Akichukua sekunde 12 au zaidi, ondoeni mikeka inayoteleza na muwashe taa ya chooni.

Dereva wa Arua
Nesi umegusa penyewe. Mzee wetu ni askari wa zamani, aliwekwa nyumba moja huko Kampala. Wafanyakazi wote Luganda na Kiingereza. Kwenye faili wakaandika "amechanganyikiwa, hajibu maswali". Nilipofika nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kama gwaride, akauliza bei ya mafuta, akauliza daraja limetengenezwa au bado. Huyo amechanganyikiwa wapi? Alikuwa anaulizwa tarehe ya leo kwa Kiingereza! Halafu ati wanamwambia achore saa. Mtu ambaye darasa hakuliona, kalamu yenyewe hajazoea kuishika, ukimwambia achore saa unapima akili au unapima shule?

Nesi, Mukono
Kabisa. Vile vipimo vya kutaja tarehe na kuandika sentensi vinawaonea wasiosoma. Mi namuuliza mtoto wake: bado anajua bei ya sokoni? Anapotea njia anayoijua? Anasahau sufuria motoni? Anayemjua siku zote ndo anajua amebadilika.

Wa Mbarara
Nyie mnaongea vizuri ila nani atafanya? Nyumba zenyewe zinahesabika. Nalukolongo pale Kampala, ile nyumba ya Bakateyamba iliyoanzishwa na Kadinali Nsubuga 1978, masista wanapokea hata walioachwa barabarani, Papa Francis mwenyewe alifika 2015. Mtu ameokotwa hana ndugu, unamwambia sista ajaze fomu kwanza? Ukianza masharti, wadogo watafunga milango, wazee watarudi barabarani. Sheria ya baraza la wazee ipo tangu 2013, bungeni wana viti vyao tangu 2021, mimi kijijini sijaona tofauti.

Mwanzisha mada, Bombo
Wa Mbarara, sijasema mtu akataliwe mlangoni. Mpokee, mpe chai, halafu umpime. Marekani walibanwa na sheria ya 1987, nyumba zinazolipwa na serikali zimalize kumpima mtu ndani ya siku 14 baada ya kuingia, kisha kila miezi mitatu warudie, na ilikuja baada ya kelele nyingi kuhusu wazee kufungwa vitandani na kuleweshwa dawa ili wakae kimya. Pesa walikuwa nazo na bado walihitaji kulazimishwa. Hizi za kwetu zinazotoza watu wa kyeyo hela nzuri hazina kisingizio cha masista. Tuanze na hizo.

Wa Mbarara
Hizo sawa. Ila meneja akikataa kukuonyesha hilo daftari la vipimo utafanya nini, na binamu ameshalipa?

Mwanzisha mada, Bombo
Nimemwambia asitume hata shilingi mpaka tulione. La mtu mwingine yeyote pale ndani, wafunike jina, mi nataka tarehe tu na kilichoandikwa.

Hajati wa Kisenyi
Haya mpimeni. Lakini akisema hataki kwenda, hilo nalo mtaandika?

Dereva wa Arua
Wetu tulimuuliza tukiwa tumeshachelewa, Hajati. Alisema atakaa pale kama atatoka kwenda msikitini Ijumaa na kucheza karata na wenzake. Meneja akasema wakaazi hawavuki geti. Tukabeba begi lake jioni ileile.