Mabadiliko ya tabianchi: ni kazi ya Baraza la Usalama?

Msomaji wa Usiku
Tarehe 13 Desemba 2021 Ireland na Niger zilipeleka rasimu ya azimio mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, zikitaka mabadiliko ya tabianchi yatazamwe kama kichocheo cha migogoro. Nchi 12 kati ya 15 ziliunga mkono. Urusi ikapiga kura ya turufu, ile ya mjumbe mmoja kuzuia azimio zima, yakaishia hapo. Kwangu ile ilikuwa dhuluma. Visima vikikauka na malisho yakiisha, majirani huanza kwa maneno, wakamaliza kwa silaha. Baraza la kuzuia vita linawezaje kungoja mpaka risasi zianze kulia? Mnaonaje?

Kigogo cha Mvule
Usiiangushie Urusi peke yake, China na India nao walipinga, na walikuwa na hoja. Kati ya wale wajumbe watano wa kudumu wa Baraza, wenye turufu, wamo waliochafua hewa kuliko karibu nchi yoyote tangu viwanda vianze. Leo haohao tuwape nafasi ya kuweka vikwazo na kutuma majeshi kwa kisingizio cha tabianchi? Huko ni kumkabidhi fisi bucha. Tabianchi ina mkataba wake tangu 1992, karibu kila nchi imo, na hakuna mwenye turufu. Tena tuache kukuza mambo. Hawa mnaowaita wakimbizi wa tabianchi kisheria hawapo. Ni watafuta maisha kama wengine.

Bint Bahari
"Watafuta maisha kama wengine." Nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Mtu maji ya chumvi yameingia kisimani mwake, shamba halioti kitu, unamwona ameondoka kwa tamaa? Kigogo, umewahi kukaa na mtu aliyehama namna hiyo ukamsikiliza?

Msomaji wa Usiku
Kigogo, China haikupinga, ilijizuia kupiga kura. Waliopinga ni Urusi na India, na India haina turufu. Turudi kwenye Baraza jamani.

Kigogo cha Mvule
Sawa, China ilijizuia, nimekubali. Ila Bint Bahari, machozi si sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataka mtu awe na hofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Bahari haimtesi mtu kwa sababu ya dini yake. Sijamtukana yeyote.

Bint Bahari
Umetukana. Neno umelichagua mwenyewe.

Nahodha
Kuna kesi. Mtu wa Kiribati, nchi ya visiwa huko Pasifiki, aliomba hifadhi New Zealand, akakataliwa ngazi zote, akarudishwa kwao 2015. Akaenda Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwanzoni mwa 2020 ikatoka kauli kwamba ni marufuku kumrudisha mtu mahali ambapo tabianchi inahatarisha uhai wake. Kwa hiyo Kigogo, sheria ipo.

Kigogo cha Mvule
Nahodha, imalizie hiyo kesi! Yule bwana alishindwa. Kamati ilisema New Zealand haikumkosea, kwa kuwa hatari haikuwa ya karibu kiasi hicho na Kiribati ilikuwa bado na muda wa kuchukua hatua. Unaleta ushahidi unaonibeba mimi.

Nahodha
Alishindwa, mlango ukafunguliwa. Kamati ilikiri kwamba hatari ikizidi, kumrudisha mtu ni kuvunja haki yake ya kuishi. Atakayekuja baada yake ana pa kusimamia.

Bint Bahari
Na huyo atakayekuja itabidi nyumba yake izame kwanza ndipo aonekane anasema kweli?

Jiwe la Msingi
Mnagombania neno, kuna jambo hamjaligusa. Mkataba wa Kyoto wa 1997, wa kupunguza hewa chafu, uliacha mafuta ya operesheni za kijeshi za kimataifa nje ya hesabu, na Marekani ndiyo iliyoshinikiza. Mkataba wa Paris wa 2015 uliofuata haukuzibana nchi zitoe takwimu za majeshi yao. Ukipeleka tabianchi kwa wenye majeshi makubwa kabisa, moshi wa vifaru vyao atauhesabu nani? Na Kigogo, huko kwenye mkataba wa 1992 kanuni ya kupiga kura haijawahi kupitishwa. Mambo huenda kwa maafikiano, kwa hiyo nchi chache zikigoma, zinakwamisha wote. Turufu ipo, imefichwa tu.

Kigogo cha Mvule
Jiwe, nitakujibu. Kwanza nimalizane na dada. Bint Bahari, mimi ninawatetea haohao unaowalilia. Ukimwita mkimbizi wakati mkataba haumtambui, anafika mpakani na neno lisilomfungulia geti.

Bint Bahari
Ungesema hivyo tangu mwanzo nisingekasirika. Hukusema hivyo. Mwaka 2022 nchi 161 kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zilitambua mazingira safi kuwa haki ya binadamu, hakuna hata moja iliyopinga. Mwenye haki hiyo akinyang'anywa akaondoka, anaitwa nani? Nipe jina, Kigogo.

Kigogo cha Mvule
Mhamaji aliyelazimika. Na lile azimio halimfungi mtu.

Bint Bahari
"Aliyelazimika." Angalau hilo umelitamka.

Msomaji wa Usiku
Na Baraza la Usalama je?