Majani ya ginko yanakauka kingo: kiuakuvu, madini ya chuma au maji?

Mpanda_Kivuli
Wakuu, naomba ushauri. Nina mti wa ginko, huu ni mwaka wa 4 tangu niutoe kwenye chungu na kuupanda ardhini. Urefu unakaribia mita 2. Ulichipua vizuri kabisa, lakini lilipokuja joto kali kingo za majani zikageuka hudhurungi na kukauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Majani machache ya nchani yana umanjano pia. Namwagilia kidogo kila jioni. Nyasi zimefika hadi shinani. Mmoja kaniambia nipulize kiuakuvu cha shaba, mwingine niweke madini ya chuma, wa tatu anasema niung'oe niuhamishie kwingine. Nianze na lipi?

Jani_Feni
Pole mkuu. Usianze na lolote kati ya hayo kabla hujalishika jani mkononi na kulisoma.

Jani la ginko halina mshipa mkuu wa katikati. Mishipa yake hujigawa mbilimbili kutoka kikonyoni hadi ukingoni, kama feni. Maji yakipungua, sehemu ya mwisho kufikiwa ni ukingo, ndiyo maana hufa kwanza. Ukiona hudhurungi imefuata ukingo na katikati bado kijani, fikiria maji, joto, chumvi au mizizi. Kuvu huwa na sura nyingine: madoa yaliyotawanyika ovyo, mara nyingi yenye mpaka mweusi au wa njano, wakati mwingine na vidoti vyeusi juu yake.

Kiuakuvu cha shaba ni kinga. Hulinda jani lenye afya lisiambukizwe, hakifufui lililokufa. Kwa maelezo yako, hicho ningekiweka mwisho. Kama kweli kuna madoa, okota majani yaliyoanguka uyaondoe na umwagilie chini bila kulowesha majani. Ginko wachache sana huhitaji zaidi ya hapo.

MamaMiche
Mimi natetea madini ya chuma kidogo, maana yaliuokoa wangu. Lakini dalili zilikuwa tofauti: majani MAPYA yalitoka ya njano huku mishipa ikibaki kijani, mistari myembamba kama mbavu za mwavuli. Nilipuliza chuma kwenye majani, yakarudi kijani, nikafurahi. Yaliyochipua baada ya hapo yakatoka ya njano vilevile. Ndipo nikapima pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya udongo, ikawa 7.9. Chuma kilikuwepo, ila udongo wa alkali ulikuwa umekifunga.

Kwa anayelinganisha: kupuliza ni haraka lakini hakudumu. Salfeti ya chuma ukiimwaga kwenye udongo wa alkali hufungwa baada ya muda mfupi. Aina ya chuma inayoandikwa EDDHA kwenye pakiti ndiyo inayostahimili pH kubwa. Salfa hushusha pH yenyewe, ila inataka miezi. Mpanda_Kivuli, majani yako ya njano ni mapya au ya zamani? Yakianza ya zamani, tena njano moja isiyo na mistari, hilo huwa ni jambo la naitrojeni.

Mzee_wa_Miche
Wanangu, mnazungumza dawa na huyu ametuambia anamwagilia kidogo kila jioni! Hapo ndipo pa kushika. Maji kidogo hulowesha sentimita chache za juu, nyasi zikayanywa yote, mzizi wa chini ukabaki na kiu. Chimba kwa kijiti kando ya mti, kina cha sentimita 20, uguse udongo. Ukiwa mkavu, mwagilia polepole mpaka maji yashuke, kisha usubiri. Ukiwa tope na unanuka uozo, acha maji kabisa. Mizizi inaoza, na kuongeza maji ni kuuzamisha.

Ondoa nyasi duara la mita moja, tandaza matandazo unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Na je, nyasi hizo zilipulizwa dawa ya magugu? Dawa hizo hupinda na kukunja majani.

Mpanda_Kivuli
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Dawa ya magugu sijatumia. Majani ya njano ni ya njano tupu, hayana mistari ya kijani. Nimechimba: juu umelowa, chini ni vumbi. Kuna jambo jingine limenishtua. Shina limeingia ardhini wima kama nguzo, halipanuki popote. Nimefukua sentimita 8 ndipo nikakuta kitako, pale shina linapopanuka kuwa mizizi, na mzizi mnene kama kidole umelizunguka nusu.

Jani_Feni
Hapo umepata, mkuu. Ulipandwa ukiwa umezama, na mzizi ulijizungusha tangu chunguni. Ukiachwa utalibana shina linavyonenepa. Mimi ningeukata leo.

Mzee_wa_Miche
Leo hapana. Mti una kiu na joto bado kali, ukiukata unaupunguzia mizizi unapoihitaji zaidi. Fukua kitako kibaki wazi, mwagilia vizuri, subiri majani yapukutike. Mti ukilala, kata.

Jani_Feni
Nakubali, mzee. Nilitazama mzizi nikasahau msimu.

MamaMiche
Kuuhamisha je? Mimi sikubaliani nako. Atapoteza mizizi mingi kwa tatizo linalotengenezeka palepale. Na asiwahi na mbolea. Chumvi zake huunguza kingo zaidi udongo ukiwa mkavu. Mti huu ni mvumilivu, ginko za Hiroshima zilichipua tena baada ya bomu la 1945.

Mpanda_Kivuli
Basi nimeondoa nyasi, kitako kiko wazi, matandazo yapo. Maji sasa ni mara moja kwa wiki, ya kushiba. Nimekwangua gamba la tawi moja lililokauka majani: ndani ni kijani. Majani yaliyoungua nimeyaacha, nusu yake bado hai. Mzizi nitaukata yakishaanguka, nilete picha.

Mzee_wa_Miche
Yakigeuka njano ya dhahabu mti mzima kwa pamoja, usishtuke. Ginko hulala hivyo, na majani yanaweza kuanguka karibu yote kwa siku moja. Uwe na msumeno mkali tayari.