SimpleHTTPRequestHandler: folda nzima iko wazi, CSS haibadiliki, POST inagoma

mdadisi_wa_kodi
Wakuu, nina folda ya mradi, na ndani yake folda `umma` yenye index.html, mtindo.css, kuu.js na data.json. Nikibofya index.html moja kwa moja, `fetch` ya data.json inakataliwa. Nikiendesha `python3 -m http.server` (seva ndogo ya Python inayotumia darasa la SimpleHTTPRequestHandler) ndani ya mradi, inasomeka, ila orodha ya mradi mzima inaonekana, hadi `.env` yenye funguo zangu za siri. Pia nikihariri CSS kivinjari kinang'ang'ania ya zamani, na fomu ikituma POST (ombi la kupeleka data) inarudi 501, yaani seva haijui ombi hilo. Nirekebishe wapi?

nyuzi_nane
Kukataliwa kwa `fetch` ni kawaida: kivinjari hakiruhusu ukurasa wa `file://` kusoma faili jirani. Hilo ulishalitatua kwa seva.

Shida kubwa ni `.env`. Amri ile hutoa folda uliyosimama, tena kwenye anwani zote za mashine, kwa hiyo yeyote aliye kwenye mtandao huohuo anaisoma. Zima kwanza, kisha:

`python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1 --directory umma`

`--directory` inahitaji Python 3.7 au zaidi. Kwa CSS, andika seva.py:

```
from functools import partial
from http.server import ThreadingHTTPServer, SimpleHTTPRequestHandler

class Mhudumu(SimpleHTTPRequestHandler):
    def end_headers(self):
        self.send_header("Cache-Control", "no-store")
        super().end_headers()

    def list_directory(self, path):
        self.send_error(404)

h = partial(Mhudumu, directory="umma")
ThreadingHTTPServer(("127.0.0.1", 8000), h).serve_forever()
```

Bila heda hiyo ya `Cache-Control` (heda ni maelezo yanayotangulia jibu la seva), seva hutuma `Last-Modified` tu, na kivinjari hujikadiria chenyewe muda wa kuitunza nakala. Faili iliyokaa siku nyingi bila kuguswa ndiyo huaminiwa muda mrefu zaidi.

mzizi0
`no-store` (usihifadhi nakala kabisa) ni nyundo kubwa mno kama una picha nzito. Weka `no-cache`: kivinjari kitauliza kila mara kwa `If-Modified-Since`, na seva itajibu 304 pale ambapo faili haijabadilika. Kasoro yake ni kwamba muda huhesabiwa kwa sekunde nzima, hivyo ukihifadhi mara mbili ndani ya sekunde moja unaweza kubaki na nakala ya kwanza.

Na usidhani `umma` ni ukuta. `..` kwenye anwani huondolewa, lakini njia ya mkato iliyotengenezwa kwa `ln -s` hufuatwa hata ikielekea nje ya folda.

nyuzi_nane
Kweli, hilo la `ln -s` nililiruka.

Kuhusu 501: darasa la `SimpleHTTPRequestHandler` lina `do_GET` na `do_HEAD` tu. Ongeza `do_POST`, na usome mwili kwa kipimo:

`n = int(self.headers.get("Content-Length", 0))`
`mwili = self.rfile.read(n)`

Ukiandika `read()` tupu itaganda, kwa sababu muunganisho bado uko wazi na inangoja ufungwe. Baada ya hapo `send_response(204)`, kisha `end_headers()`. Ukiisahau hiyo ya mwisho, heda hazitoki.

kibodi_kavu
Kama uko Windows na kuu.js inakataliwa kama moduli, angalia `Content-Type`, heda inayotaja aina ya faili. Rejista ikisema `.js` ni `text/plain`, Python huifuata. Ongeza ndani ya darasa:

`extensions_map = {**SimpleHTTPRequestHandler.extensions_map, ".js": "text/javascript"}`

mdadisi_wa_kodi
Orodha imepotea, CSS inabadilika papo hapo. POST ilikuwa imeganda kweli kwenye `read()`. Nimebadilisha pia funguo zote zilizokuwa kwenye `.env`.