Msaada: Mstari wa brashi unaziba majina kwenye ramani (After Effects, programu ya kuhuisha video)

MpigaPicha_Tbr: Wakuu, habari za kazi. Natengeneza filamu fupi kuhusu njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora. Nimeskani ramani kuukuu, nikaifungua leya (tabaka) yake na kupitisha brashi nyekundu. Rangi imekaa juu kama plasta, majina hayasomeki. Nikiweka leya kwenye Multiply (modi inayochanganya rangi na kilicho chini na kuitia giza), ramani yote inapiga giza kwa sababu chini kuna picha ya karatasi, na majina bado yamezibwa. Pia nataka mstari ujichore wenyewe, lakini nikichora kipande cha pili, cha kwanza kinafutika. Natanguliza shukrani.

Leya_Juu_ya_Leya: Mkuu, usifute kazi yako. Nakili leya kwa Ctrl+D. Kwenye ya chini, ondoa efekti ya Paint (ndiyo inayobeba michirizi ya brashi). Kwenye ya juu, washa Paint on Transparent: ramani inatoweka humo, inabaki michirizi ya brashi tu. Hiyo ya juu ndiyo uipe Multiply, ya chini irudishe Normal (modi ya kawaida). Wino mweusi wa majina utabaki mweusi, sehemu nyeupe za ramani ndizo zitakazoshika wekundu.

Kama ramani inasogea, ondoa kwanza kiifremu za mwendo (alama zinazoweka thamani kwenye wakati fulani) kwenye leya ya juu, kisha iunganishe na ya chini kwa Parent (ili iifuate inaposogea) ukiwa palepale kwenye fremu ileile. Ukihamia fremu nyingine kati ya hatua hizo mbili, mstari utahama njia.

dada_wa_efekti: Mbona mzunguko mrefu? Kila mchirizi una modi yake ya kuchanganya rangi kwenye taimulaini (paneli ya muda). Ufungue, chagua Multiply, leya iache Normal. Kazi imeisha.

Leya_Juu_ya_Leya: Kwa mchirizi mmoja ni sawa kabisa, dada. Ila vipande vyake vinapandana pale Tabora, na kila vinapokutana Multiply itajirudia, anaweza kupata doa lililokolea. Vikiwa Normal ndani ya leya yenye Multiply, rangi inabaki moja. Tena leya ya peke yake unaweza kuichakaza kingo bila kugusa ramani.

dada_wa_efekti: Hilo la doa nakubali. Kuhusu kufutika: kipande cha kwanza kimebaki kimechaguliwa kwenye taimulaini, kwa hiyo programu inadhani unakibadilisha. Bonyeza F2 (inaondoa uchaguzi) kabla ya kuchora kingine. Na ili kijichore, kwenye paneli ya Paint weka Duration iwe Write On kabla hujagusa brashi. Vilivyokwisha chorwa, fungua Stroke Options, kwenye End weka kiifremu ya 0% na nyingine ya 100%. Umbali kati yake ndio kasi ya msafara wako.

MpigaPicha_Tbr: Asanteni sana. Majina yanasomeka, hata yale madogo. Sasa End ya kipande cha pili naianzisha pale cha kwanza kinapofika Tabora, au niache mapumziko kidogo?

dada_wa_efekti: Acha mapumziko. Misafara ilikuwa inapumzika hapo.