Ubingwa wa Farah Palmer katika raga una uzito gani?

Mwalimu wa Chumbageni: Ndugu zangu, nasimamia michezo katika shule ya sekondari hapa Tanga, na wasichana wangu kadhaa wameanza kuulizia raga baada ya kuwaona wenzao wa Kenya kwenye televisheni. Nataka kuwasimulia habari za Farah Palmer wa Nyuzilandi, aliyetwaa Kombe la Dunia mara tatu akiwa nahodha. Hata hivyo, timu za wanawake zilikuwa chache wakati ule; je, ushindi huo una uzito unaosemwa?

Mkazi wa Raskazone: Shikamoo Mwalimu. Shaka yako ina msingi ukiitazama fainali ya mwaka 1998 mjini Amsterdam peke yake, kwa sababu Marekani ilifungwa 44 kwa 12. Lakini fainali ya 2002 mjini Barcelona ilimalizika 19 kwa 9, na ya 2006 mjini Edmonton 25 kwa 17, zote dhidi ya Uingereza. Uingereza hao hao ndio waliowafunga mwaka 2001, tena nyumbani kwao Nyuzilandi, na hiyo ndiyo mechi pekee aliyopoteza Palmer kati ya 30 za kimataifa alizoongoza. Asiyepata upinzani hafungwi nyumbani kisha akarudi mwaka unaofuata kulitetea kombe.

Binti wa Pangani: Kaka, mabao ni sehemu ndogo ya habari. Wachezaji wa timu ile hawakuwa na mikataba ya malipo, kwani wanawake wa Nyuzilandi wa raga ya wachezaji 15 waliipata kwa mara ya kwanza mwaka 2018, miaka 12 baada ya Palmer kustaafu. Yeye alisoma hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Otago huku akiwa nahodha. Mwaka 2016 akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika bodi ya chama cha raga cha nchi hiyo, chama kilichoundwa mwaka 1892! Kwangu mimi, kiti hicho kinazidi makombe yote matatu.

Mwalimu wa Chumbageni: Marahaba, na ahsanteni nyote wawili. Wanangu hawatakosa kuniuliza alicheza nafasi gani.

Mkazi wa Raskazone: Alikuwa huka, Mwalimu, jezi namba 2. Huyo husimama katikati ya mstari wa mbele wa skramu, yaani pale wachezaji wanane wa kila timu wanaposhikana na kusukumana kuugombea mpira, mikono yake miwili ikiwa imewashika wenzake wa kushoto na kulia, kwa hiyo mpira unapoingizwa hana cha kuutwalia isipokuwa mguu, na lazima auvute nyuma huku wachezaji wanane wa upande wa pili wakimsukuma. Mpira ukitoka nje, mara nyingi ni yeye pia anayeurusha kuurudisha uwanjani. Wakitaka kujaribu, wafundishe kwanza kushikana mabega na kuinama wakiwa wamenyoosha migongo, bila kusukumana, kwa sababu shingo ndiyo inayoumia pale skramu inapoporomoka.